Mwalimu Aliyetia Saini Mada Kumi

Nianze na ufito wake, kwa sababu ndio ulioingia darasani kabla yake. Mti mkavu, mwembamba, wenye mikato mitatu iliyochongwa kwa kisu, mrefu wa kumfika mtu kifuani. Niliudhani fimbo. Mtu mzima mimi, karani wa mzani kwenye mashamba ya miwa, nimezoea kugombana na madereva wa malori makubwa kama makanisa, lakini nilipouona ule ufito mapaja yalikumbuka darasa la tatu yakabanana yenyewe. Hakumchapa mtu. Aliulaza mezani, akatutazama wote ishirini na wawili, akauliza:

"Huu una urefu gani?"

Mimi sijawahi kuacha swali lipite bila jibu, hata kama jibu silijui. "Mita mbili, Mwalimu."

"Unajua, au unatumaini?"

"Najua."

"Umeupima lini?"

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka kuliko wote, maana ndivyo nilivyo. Yeye hakucheka. Akauchukua ufito, akaanza somo. Urefu wenyewe hakututajia, si siku ile wala siku nyingine.

Niseme mapema kwamba nina hasira na mtu huyu. Nasema mapema kwa sababu napenda utani, na msomaji akiniona nacheka anaweza kudhani nimekuja kumpamba. Sikuja kumpamba. Hasira hii nimekaa nayo kama mwiba wa kisiginoni. Natembea nayo, naimba nayo kwaya, nacheza nayo harusini, ila siku nikikanyaga vibaya naruka mpaka darini.

Chuo chetu kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati, mjini Moshi. Masomo yalianza saa kumi na moja jioni, watu wakitoka makazini. Mimi nilipanda kutoka kwenye miwa nikiwa na vumbi la kutosha kupanda mahindi masikioni. Mama Brenda, aliyekaa dawati la mbele yangu, alitoka stationari yake karibu na stendi, vidole vyeusi kwa wino wa mashine ya fotokopi. Mwalimu alishuka kutoka Kibosho kwa pikipiki, tai shingoni na tope la kihamba, shamba lake la migomba, kwenye buti. Tai ilikuwa moja, ya rangi ya maji ya chai, miaka mitatu mfululizo. Alitufundisha masomo manne katika miaka hiyo, na la mwisho ndilo lililotugombanisha.

Somo hilo liliitwa Usimamizi na Uchumi wa Programu za Kompyuta. Jina refu kuliko treni ya mizigo. Mtu akisikia anadhani tulikuwa tunagusa kompyuta. Wapi. Muhula mzima tuligusa karatasi na penseli. Tulijifunza kuuliza programu itahitaji watu wangapi, siku ngapi, itagharimu nini, na nani ataitunza ikishazinduliwa na keki ikishaliwa. Lilikuwa na mada kumi. Kumbuka hizo kumi.

Kauli yake nyingine, ukiacha ile ya kujua na kutumaini, ilikuwa "Nipe namba, usinipe moyo." Ukimwambia kazi ya nyumbani utaimaliza kwa juhudi, alikuuliza juhudi ni saa ngapi. Ukimwambia umechelewa kidogo, kidogo ni dakika ngapi. Siku moja mwenzetu alikuja na habari ya msiba, akaomba ruhusa ya siku chache. Mwalimu akamuuliza, kwa upole kabisa, "Chache ni ngapi?" Yule bwana akalia upya. Alipewa siku tano, na Mwalimu alifika matangani siku ya pili, akakaa kwenye benchi la nyuma mpaka jioni, asimsemeshe mtu. Ndivyo alivyokuwa. Ulimi wa msasa, halafu unamkuta matangani kwako.

Sasa kulikuwa na ule mchezo wake wa alama, na huo nitauchukia mpaka nizeeke. Kila jaribio, kabla ya kuanza kujibu, unaandika juu kabisa alama unazokadiria kupata. Akishasahihisha, anachukua tofauti kati ya ulichokadiria na ulichopata, anaikata kwenye alama zako. Mara ya kwanza niliandika tisini. Nilipata arobaini na moja. Tofauti arobaini na tisa. Piga hesabu mwenyewe. Nilirudi nyumbani na hasi nane, mwanafunzi pekee tangu mlima ule uache kutoa moto aliyesoma miaka kumi na minne akaishia chini ya sifuri.

Mama Brenda aliandika hamsini na nane. Akapata hamsini na tisa.

"Unajuaje hivi?" nikamuuliza tukishuka ngazi.

"Nasoma maswali kabla ya kuandika," akasema. "Wewe mtu wa miwa unaandika kama unapungia watu mkono."

Mada ya tano ilikuwa matengenezo, na hapo nilimpenda. Niliamini kwamba programu ikishafanya kazi, kazi imekwisha. Mwalimu akachora mlima ubaoni, akachora mstari unaoteremka kutoka msituni kupita vihamba. Mfereji wa maji, ambao kule juu wanauita mfongo. Mimi wazazi wangu walikuja huku kukata miwa, si mtu wa mifongo, kwa hiyo nilisikiliza mdomo wazi.

"Babu aliuchimba mara moja," akasema. "Sisi tunausafisha kila mwaka. Nani amefanya kazi kubwa?"

Akaeleza. Siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja, kila nyumba hutoa mtu, majembe yanaingia mferejini, majani na matope yanatoka. Asiyetokea hapigwi wala hatukanwi. Anapimiwa kipande chake peke yake, atakisafisha siku nyingine, na hakuna ruhusa ya kumsaidia hata kama ni mama yako mzazi. Watu watapita, watasalimia, wataendelea na safari. Maji hayafunguliwi kwa nyumba yake mpaka kipande kiishe.

"Na kwenye programu ni hivyo hivyo," akasema. "Kipande ulichokiruka kipo. Kinakusubiri wewe."

Wiki nzima niliwahubiria madereva wa malori habari ya mfongo mpaka mmoja akaniuliza kama nimeokoka.

Basi ikaja kazi ya mradi. Kila mtu alitakiwa kuchagua kazi ya kweli mahali pa kweli, akadirie programu yake. Nikachagua zamu za maji kwenye mashamba ya mpunga, Mabogini. Niliona rahisi. Orodha ya wakulima, orodha ya siku, nani afungue, nani afunge. Nikahesabu skrini, nikahesabu ripoti, nikaandika wiki mbili, nikapamba jalada kwa picha ya mpunga wa kijani uliokuwa mzuri kuliko mpunga wenyewe.

Alinipa sifuri. Wino mwekundu, duara moja.

"Mwalimu, hesabu zangu zina kosa gani?"

"Hazina kosa."

"Sasa sifuri ya nini?"

"Zamu za maji zimeandikwa wapi?"

Hazikuandikwa popote. Zilikuwa kichwani mwa mzee mmoja anayeheshimika kule, msimamizi wa maji. Hata mtoto wa Mabogini angejua kwamba mzee yule hawezi kukutajia mbele za watu nani anapewa maji kwanza wakati wa ukame. Hiyo ni siri inayoshika amani ya kijiji kizima.

"Umekadiria kuandika," Mwalimu akasema. "Kuuliza hukukadiria. Umewaamulia watu maisha yao umekaa kwenye kiti."

Nilikwenda Mabogini Jumamosi tatu. Ya kwanza mzee alinipa uji. Ya pili alinipa jembe. Ya tatu tukiwa peke yetu kwenye tuta, matope mpaka kiunoni, ndipo alipoanza kuniambia zamu, taratibu, na kila jina likija na hadithi ya ndoa, kesi na ng'ombe. Niliandika upya: miezi minne. Mwalimu akanipa sitini na sita, hakusema neno la pongezi. Nami nikajua kwamba nimefundishwa kitu. Shikilia hapo, maana ndipo panaponiuma.

Mtu huyu mwenyewe alikuwa na ukuta mmoja wa nyumba yake usiopigwa plasta tangu tuanze chuo. Tulimuuliza kadirio la ukuta huo. "Ukuta huo hauko kwenye mpango," akasema, akabadilisha mada. Alipiga marufuku simu darasani, halafu yake ikaita, mlio wa jogoo, akaipokea, akazungumza Kichagga dakika nzima kuhusu ndama. Alitukataza kukariri, lakini kanuni ya makadirio ilibidi tuitaje kwa pamoja kama salamu Maria, na asiyeijua alisimama. Alitukataza pia madesa, zile karatasi za wanafunzi wa miaka iliyopita tunazorithishana. Alisema mtihani unapima kama unaweza kufikiri ukiwa umechoka. Kwenye kuchoka tulikuwa mabingwa wa dunia.

Tulijiandaa kwa ule mtihani kama watu wanaokwenda vitani. Nilibandika kanuni kwenye kioo cha kibanda cha mzani, madereva wakawa wanaisoma wakisubiri, wawili wakaweza kuitaja bila kutazama. Muda wa chakula cha mchana nilikwenda stationari kwa Mama Brenda. Yeye alikuwa akitafuta kazi ya ofisa kumbukumbu hospitalini, na walimwambia nafasi wataishikilia mpaka cheti chake kitoke. Watoto wawili, mashine moja ya fotokopi inayokohoa kuliko bibi yangu, na nafasi moja. Hakuwa na muda wa utani wangu.

"Niulize mada ya sita," alisema huku akitoa nakala za wateja.

"Hatari za mradi. Taja tatu."

"Mtu muhimu kuondoka. Mteja kubadili mawazo. Wewe kuzungumza."

Tulifika mada ya saba vizuri. Halafu ikaja Oktoba, msimu wa kipaimara.

Asiyeijua Moshi nimweleze. Huku mtoto akipata kipaimara, ukoo mzima unashuka kutoka kila pembe ya nchi, na kila ukumbi mjini unachukuliwa mpaka wa kuwekea mbao. Mkuu wa chuo chetu akautazama ukumbi wetu, akaona viti, feni na ngazi pana. Akaukodisha wiki tatu. Tulipanda jioni na madaftari yetu tukakuta mapambo ya zambarau, spika kubwa kama kabati na keki yenye umbo la Biblia. Tukaambiwa turudi wiki ijayo. Wiki ijayo ndafu, yule mbuzi wa sherehe, alikuwa amesimama juu ya meza ya Mwalimu, mzima, amechomwa, na majani mdomoni, anatutazama kama msimamizi wa mtihani. Ya tatu hatukupanda. Kwa hiyo mada ya nane, ya tisa na ya kumi zililiwa na watoto wa watu pamoja na pilau.

Nacheka ninapoandika hivi, lakini ninasaga meno.

Wiki ya mtihani nilikwenda kutazama ratiba kwenye ubao wa matangazo. Kando ya ratiba ilibandikwa fomu. *Mwalimu wa somo anathibitisha kwamba mada zote zimefundishwa.* Idadi ya mada: kumi. Zilizofundishwa: kumi. Chini yake saini ya Mwalimu. Naijua saini ile, ndiyo iliyokuwa chini ya sifuri yangu.

Nilimsubiri pale pikipiki yake ilipoegeshwa. Sikutoa hata shikamoo, na mimi mtu niliyelelewa.

"Mwalimu, umesaini mada kumi."

"Nimesaini."

"Tumefika ya saba."

"Mmefika ya saba."

"Sasa?"

Akavaa kofia ngumu. Akafunga ufito wake kwa kamba ya mpira pembeni ya kiti, akaukagua kama umekaza. "Kasomeni," akasema, akaondoka. Nilisimama pale nikitukana moshi wa pikipiki kwa lugha tatu.

Swali la tatu la mtihani lilikuwa la lazima, nalo lilitoka mada ya nane: thamani ya leo ya pesa utakayoipata kesho. Kwamba shilingi utakayoipata baada ya miaka mitano si sawa na uliyonayo mkononi, na kuna namna ya kukokotoa, na ukikokotoa unajua kama mradi una maana. Hayo nayajua sasa. Siku ile sikujua hata herufi. Nikafanya ninachokiweza. Nikaandika kurasa nne. Niliandika habari za mpunga unaovunwa na ambao bado uko shambani, bei ya sukari, mvua, subira, mpaka harusi ya binamu yangu nikaiingiza mahali. Kama maneno yangekuwa maji, Mabogini yote ingefurika.

Mama Brenda alikaa mbele yangu. Nilimwona akisoma swali mara mbili, akiweka kalamu chini, akiichukua. Baadaye aliniambia alichoandika: *Mada hii hatukufundishwa.* Akapiga mstari chini yake kwa rula, akaendelea na la nne.

Mimi nilipata hamsini na mbili. Yeye arobaini na sita. Kufaulu ni hamsini.

Kumi na wawili tulifaulu, kumi wakapewa sapu, yaani kurudia mtihani. Na wapewao sapu hawapewi cheti mpaka warudie. Mimi niliyedanganya kurasa nne nikawa msimamizi wa mfumo mpya wa mzani, nina kiti kinachozunguka. Yeye aliyesema kweli kwa mstari mmoja akarudi kwenye wino. Hasira yangu haikuwa na mahali pa kwenda ikamwendea Mwalimu. Mkuu wa chuo sikumtarajia chochote, na mtu usiyemtarajia chochote hana namna ya kukuangusha. Lakini huyu alinipa sifuri kwa kadirio la uongo, akanipeleka matopeni Jumamosi tatu, halafu akachukua kalamu akaandika kumi mahali pa saba.

Siku nilipohitaji nakala sita za cheti kwa ajili ya ofisi, ningeweza kwenda stationari nyingine. Zipo nyingi kuliko watu. Nilikwenda kwa Mama Brenda kwa sababu nisingekwenda angejua. Akakipokea cheti changu, akakilaza kwenye kioo, akashusha kifuniko taratibu kama anamfunika mtoto.

"Kimetoka kizuri," akasema.

"Mama Brenda, nisamehe."

"Wewe umefanya nini? Umefaulu tu." Mashine ikakohoa. "Jumamosi nakwenda Kibosho kwa Mwalimu."

"Kumpiga? Nakuja na rungu."

"Kusoma. Alikuja hapa Jumamosi iliyopita. Amewatafuta wote kumi, nyumba kwa nyumba. Wanne tumekubali."

"Alikuja kuomba radhi?"

Akazima mashine kwanza, ndipo akanijibu. Uchagani mtu aliyekosa huja na jani la sale, lile jani refu la mpakani mwa vihamba, na aliyekosewa akishaletewa hana ruhusa ya kukataa, ni lazima asamehe. Hata mimi wa kuja nalijua hilo.

"Angeleta sale ningelazimika kumsamehe hapo hapo, mbele ya wateja," akasema. "Anajua. Hakuleta."

"Sasa alileta nini?"

"Alileta ratiba. Jumamosi tatu, mada tatu. Sapu ni wiki ya nne." Akanipa nakala zangu, zimenyooka. "Bado nina hasira naye, kaka. Lakini hospitali wamesema watanisubiri mpaka mwisho wa mwezi, basi. Nikisubiri hasira iishe nitakosa yote mawili."

Jumamosi nikapanda Kibosho nyuma yake, kila mtu na bodaboda yake. Njia nzima nilikuwa nikipanga hotuba. Ilikuwa hotuba ambayo ingeangusha serikali.

Tulimkuta hayupo nyumbani. Ule ukuta bado haukuwa na plasta. Ubao ulitundikwa kwenye ukuta wa banda la ng'ombe, na chini yake benchi moja refu, na wenzetu watatu wamekaa na madaftari. Mkewe akatuelekeza chini ya kihamba. "Yuko mferejini. Msimsaidie tu."

Alikuwa ndani ya mfongo, maji yamefungwa, tope magotini, tai hana, anachimba majani yaliyooza anayatupa ukingoni. Ufito ulikuwa umechomekwa kwenye ukingo. Aliutoa, akaulaza kando ya mfereji, akaugeuza, akahesabu kwa sauti ndogo, "Sita," akauchomeka mbele. Hapo ndipo nilipojua ule ni mti wa nini. Ni ufito wa kupimia vipande vya watu wa mfongo, na ile mikato ni kina cha maji. Miaka mitatu alikuwa akitufundishia nao.

Jirani mmoja alipita na mkungu wa ndizi kichwani. "Meku, habari ya kazi," akasema, akimwita mzee kwa Kichagga, akapita. Msaragambo ulikuwa umefanyika Jumamosi iliyopita, Mwalimu akiwa mjini anawatafuta waliofeli. Alikuwa amepimiwa fito kumi.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, maana mferejini mtu anatia huruma.

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Wewe ulifaulu. Umefuata nini?"

Hotuba yote ikapotea. Nikabaki na swali moja. "Kwa nini ulisaini?"

Akachimba majembe mawili, matatu. "Mkuu alisema nisiposaini, somo litahesabiwa halijakamilika, na darasa zima halitafanya mtihani mpaka mwaka unaofuata. Nilikaa nikapiga hesabu. Mmoja mmoja, kwa mada saba mlizokuwa nazo. Nikakadiria watafaulu kumi na wawili. Kumi na wawili ni wengi kuliko sifuri. Nikasaini."

"Na tukafaulu kumi na wawili."

"Hesabu ilikuwa sahihi."

Mama Brenda alikuwa amesimama nyuma yangu. "Na mimi nilikuwa kwenye kumi na wawili," akasema, "au kwenye wale wengine?"

Jembe likasimama hewani, likashuka taratibu.

"Ulikuwa kwenye kumi na wawili, mama," akasema. "Nilijua una akili. Sikukadiria kwamba utaandika ukweli."

Ng'ombe akalia juu kule. Mimi damu ilikuwa imenipanda mpaka masikio yakawa yanaimba.

"Ungetuambia," nikasema. "Ungetuita pale kwenye ngazi, na yule ndafu anatutazama, ukasema, jamani, ni hivi na hivi, tufanye mtihani na mada saba au tusubiri mwaka? Mama Brenda angesema lake. Mimi ningesema langu. Hukuuliza, Mwalimu. Ulikadiria kuandika, kuuliza hukukadiria. Ulituamulia maisha yetu umekaa kwenye kiti. Mimi ulinipa sifuri kwa hilo."

Akaniangalia sasa.

"Ndiyo," akasema. "Ni sifuri."

Akainama, akaendelea. Nilitegemea zaidi, sijui nini, labda alie, labda anitukane nipate pa kushika. Tulisimama ukingoni, mikono inatuwasha, tukamtazama mzee akisafisha fito saba, nane, tisa, kumi, na jembe la pili limelala pale majanini hakuna mwenye ruhusa ya kuligusa. Ilichukua muda mrefu kuliko misa ya Pasaka. Alipomaliza alipanda juu bila kushikwa mkono, akanawa miguu kwenye ndoo, akaenda kwenye ubao. Akaandika namba nane, akaandika kichwa cha mada.

Wale watatu wakafungua madaftari. Mama Brenda akakaa. Mimi nikabaki nimesimama, funguo mfukoni, cheti changu kimefungiwa kwenye droo ofisini, nina kazi, nina kiti kinachozunguka, na hakuna mtu duniani aliyekuwa ananidai jibu.

Mwalimu akageuka na chaki. "Mada ya nane unaijua, au unatumaini?"

Nimeishi kwa mdomo. Kurasa nne zilikuwa tayari kwenye ulimi, na harusi ya binamu ndani yake.

"Sijui, Mwalimu," nikasema. "Nilitumaini tu, wakanipa alama."

Akaonyesha benchi kwa ufito. Nikakaa, na hasira yangu nzima nikakaa nayo, mahali palipobaki mwishoni pembeni ya ndoo ya maziwa. Mama Brenda akanisukuma kwa kiwiko.

"Sogea basi," akasema. "Unanizibia ubao."